SAFARI YA KILWA: ZAWADI YA BWANA NA BIBI KATIKA MWAKA WA NDOA

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini, siku ya kutimiza mwaka wa ndoa hupita kwa mojawapo ya njia mbili. Ama hupita kimya, bwana akiwa kazini na bibi akiwa sokoni, hata wakumbuke wiki moja baadaye kwamba miaka 10 au 20 imekwisha kutimia. Ama hugeuzwa kuwa karamu: ukumbi ukakodiwa, kadi za michango zikasambazwa, sare zikashonwa, na wenye sherehe wakashinda siku nzima wakihudumia wageni. Karamu ikiisha, watu hurudi makwao na deni hubaki nyumbani. Katika njia zote mbili kuna jambo moja linalokosekana: bwana na bibi hawakupata hata saa moja ya kukaa pamoja wakazungumza.

Iko njia ya tatu, nayo si ya matajiri peke yao. Ni safari ya siku nne kwa barabara, kufuata pwani ya kusini kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa: minazi na mikorosho njiani, mto Rufiji katikati, na bahari yenye visiwa vya kale mwishoni. Yaweza kufanywa kwa gari la nyumbani, kwa gari la kuazima, au kwa basi la abiria.

Lakini safari hiyo yaweza kuwa zawadi, na yaweza pia kuwa adhabu. Tofauti haiko katika gari wala katika hoteli. Iko katika swali hili: ni nani aliyebeba mzigo wa kuiandaa? Iwapo bibi ndiye atakayepika chakula cha njiani, apange nguo za wote, awatafutie watoto mlezi, akumbuke dawa na chumvi, kisha afike Kilwa akafue, basi huyo hakusafiri. Amehamisha jiko lake tu. Katika maelezo yafuatayo tutaonyesha jinsi ya kupanga safari hii, hatua kwa hatua, na kila hatua tutaipima kwa swali hilo.

TAREHE, LIKIZO NA MAJIRA

Jambo la kwanza ni kuijua tarehe yenyewe. Watu wengi hukumbuka mwaka wakasahau siku. Lisiwe jambo la kugombania. Liko jibu katika sanduku la nyaraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za dini, za serikali na za kimila, na inataka ndoa ziandikishwe. Aliye na cheti atakuta tarehe yake humo. Asiye na cheti na aichukue safari hii kuwa sababu ya kukishughulikia, kwa maana cheti hicho hufaa siku nyingi zaidi ya siku ya sherehe.

Si lazima safari iangukie siku ile ile. Ikiwa mlioana mwezi wa Aprili, msisafiri mwezi wa Aprili. Masika ya pwani huanza Machi na kuishia Mei, nayo si mvua ya kuchezea. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilileta mvua kubwa zilizovunja madaraja wilayani Kilwa na kuikata barabara ya kwenda kusini, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Miezi inayofaa zaidi ni Juni hadi Septemba: mvua imekwisha, jua si kali, na upepo wa kusi unapoza hewa. Ndoa iliyofungwa Aprili haitaona haya kuadhimishwa Julai.

Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa, kuna likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Aghalabu siku hizo huliwa na misiba, ugonjwa na ujenzi wa nyumba. Hapa twaomba siku nne tu kati ya 28. Bwana na bibi wakiwa wote waajiriwa, waombe mapema na kwa pamoja, maana ruhusa ya mmoja bila ya mwenzake haisaidii. Bibi akiwa na biashara yake ya genge au cherehani, siku zake nne zihesabiwe kuwa za kazi kama za bwana: apatikane mtu wa kushika biashara, na pato litakalopungua liingizwe katika hesabu ya safari. Kusema kwamba bibi hana kazi ya kuomba ruhusa ni kumdhulumu kabla gari halijawashwa.

MWEZI NA MAJI YA BAHARI

Anayekwenda Kilwa huenda kuvuka bahari, na anayevuka bahari hana budi kuujua mwezi. Wazee wa pwani hawahitaji kuambiwa haya, lakini sisi wa mjini tumesahau.

Katika pwani yetu, siku za mwezi mpevu na siku za mwezi mwandamo ni siku za bamvua. Maji hujaa sana mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na kupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa muda wa kama dakika 50. Hivyo, wiki moja baada ya bamvua huja maji mafu: bahari haijai mno wala haipwi mno, na maji huwa juu mnamo saa 4 asubuhi.

Faida yake ni hii. Mkitaka kuvuka kwenda kisiwani asubuhi bila ya kukanyaga matope, chagueni siku za maji mafu. Mkitaka kuuona mwezi mpevu ukichomoza kutoka baharini mara jua linapotua, chagueni bamvua, nanyi mkubali kwamba saa 4 asubuhi maji yatakuwa mbali na huenda mkatembea kwa miguu kuifuata mashua. Vyote viwili havipatikani siku moja. Hapo ndipo pa kuulizana: mwenzangu, wewe wataka nini? Swali dogo, lakini zipo nyumba ambamo halijaulizwa kwa miaka mingi.

FEDHA: BAHASHA NNE

Safari ya mkopo si zawadi. Atakayesafiri kwa deni atakaa ufukweni akihesabu riba badala ya mawimbi. Basi hesabu ianze miezi sita kabla.

Chukueni bahasha nne. Ya kwanza ni ya njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kilomita 300 na ushei. Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko, wekeni kilomita 700. Gari dogo linalokula lita moja kwa kila kilomita 10 litahitaji lita 70. Zidisheni kwa bei ya mafuta ya siku hiyo, mtapata jibu. Wanaokwenda kwa basi waandike nauli za watu wawili kwenda na kurudi, na nauli za magari madogo ya Kilwa.

Bahasha ya pili ni ya malazi ya siku tatu. Kilwa Masoko ina nyumba za wageni za kawaida, na ina hoteli za ufukweni zenye bei ya juu. Familia ya kima cha kati yaweza kulala nyumba ya wageni siku mbili na hoteli ya bahari usiku mmoja, ule wa maadhimisho yenyewe. Bahasha ya tatu ni ya chakula, mashua, kibali cha kuyaona magofu na ujira wa mwongozaji. Bahasha ya nne ni ya dharura, na isifunguliwe kwa ajili ya kununua zawadi za majirani. Ikirudi nyumbani ikiwa nzima, hiyo ni heri.

Jumlisheni bahasha zote, kisha gawanyeni kwa wiki 26. Hicho ndicho kiasi cha kuweka kila wiki. Kikionekana kikubwa, punguzeni usiku mmoja au acheni gari mpande basi. Msipunguze fedha ya chakula cha kununua, kwa sababu bahasha hiyo ndiyo inayomtoa bibi jikoni. Anayesema "tutabeba vyombo tupike wenyewe, tuokoe senti" ajiulize kwanza ni nani atakayeviosha.

MZIGO NA WATOTO

Wekeni karatasi mezani, mwandike kazi zote za maandalizi, hata zile zinazoonekana hazina uzito: kupeleka gari kwa fundi, kukata tiketi, kuulizia vyumba, kununua dawa, kufua na kunyoosha nguo, kununua chakula cha watakaobaki, kuzungumza na mlezi, kumwachia jirani ufunguo. Mkimaliza, gaweni nusu kwa nusu. Mabwana wengi watashangaa kuona urefu wa orodha. Zaidi ya nusu ya mambo hayo hufanyika katika kila nyumba, kila wiki, na hayajawahi kuandikwa popote kwa kuwa mtu mmoja huyabeba kichwani.

Baadhi ya wazazi huona vibaya kuwaacha watoto. Wengine huwachukua wote, na safari ya wawili ikawa safari ya wanane. Si dhambi kusafiri na watoto. Lakini iitwe kwa jina lake, safari ya familia, nayo ina wakati wake. Kwa siku hizi nne, watoto wakae na nyanya yao, na shangazi au na mama mdogo. Mlezi huyo asichukuliwe kuwa mtumishi wa bure. Aachiwe fedha ya matumizi ya kutosha, kadi za kliniki na za bima, namba za simu, na ruhusa ya wazi ya kumpeleka mtoto hospitali. Na anayekwenda kumwomba awe bwana mwenyewe. Tangu zamani kazi hii ya kuomba huachiwa bibi, naye hubaki na deni la fadhila.

SIKU YA KWANZA: BARABARA

Ondokeni saa 12 asubuhi, kabla msongamano wa Mbagala haujaanza. Barabara ya Kilwa huanzia mjini penyewe, ikapita uwanja wa Sabasaba, Mtoni, Mbagala na Kongowe, ndipo mji huachia. Wanaokwenda kwa basi hupandia Mbagala. Wakate tiketi siku moja kabla na waombe viti viwili vinavyofuatana. Upande wa kushoto wa basi ndio upande wa bahari, ingawa bahari yenyewe haitaonekana kwa muda mrefu.

Baada ya Vikindu na Mkuranga nchi hubadilika. Minazi husimama kwa safu, mikorosho hufunika mchanga kwa kivuli kizito, na kando ya njia huuzwa madafu, mikeka na korosho zilizokaangwa. Simameni hapo mnywe madafu. Safari hii haina zawadi ya kufika mapema.

Baada ya Kibiti na Ikwiriri mtafika mto Rufiji na daraja la Mkapa. Vijana hulivuka bila ya kugeuza shingo. Wenye umri wanajua habari nyingine. Kabla ya daraja hili kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ulipofurika watu wa Kilwa, Lindi na Mtwara walikuwa kama wako ng'ambo ya bahari. Mfanyakazi aliyetoka kusini aliweza kupata barua ya msiba akakosa njia ya kufika mazishini, na wengine walilazimika kungoja meli. Daraja lina urefu wa kama mita 970. Hata baada ya kujengwa, kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilibaki cha udongo kwa miaka, hadi lami ilipokamilika katika miaka ya 2010. Ikiwa mmoja wenu ni mtu wa kusini, hapa ndipo pa kumwachia aeleze. Huenda yako mambo ya utoto wake ambayo mwenzake hajapata kuyasikia.

Ng'ambo ya mto mtakuwa mnaelekea Somanga, na upande wa magharibi ndiko kwenye milima ya Matumbi. Huko, katika mwezi wa Julai mwaka 1905, ndiko vita vya Maji Maji vilikoanza. Kisha mtafika Nangurukuru, njia panda yenye vituo vya mafuta na mama lishe. Barabara kuu huendelea Lindi. Ninyi mtashika ya Kilwa. Kwa mwendo wa kiungwana, pamoja na kupumzika, safari nzima huchukua muda wa saa tano au sita.

KWA ANAYESHIKA USUKANI

Barabara hii ni nzuri, na uzuri wake ndio hatari yake. Hunyooka kwa kilomita nyingi, mguu ukawa mzito juu ya mafuta, kisha ghafla kijiji kikatokea chenye watoto wa shule, mbuzi na baiskeli za mkaa. Penye alama ya kilomita 50 kwa saa, iwe 50 kweli. Kila baada ya saa mbili gari lisimame na dereva ashuke anyooshe miguu. Mikanda ifungwe na wote wawili.

Usiku gari lisitembee. Magari mabovu huachwa barabarani bila taa, na mifugo hulala penye lami kwa sababu ya joto lake. Mkichelewa, laleni Ikwiriri au Nangurukuru. Abiria naye ana haki ya kusema "punguza mwendo" bila ya kununiwa. Bibi anayenyamaza kwa kuchelea ugomvi, hali anaona hatari, amebeba mzigo ambao hakuna orodha iliyouandika. Bwana na amwambie kabla ya kuondoka: ukiogopa, sema, nami nitapunguza. Pengine bibi ndiye dereva. Basi neno hilo ni lake kumwambia bwana.

SIKU YA PILI: KISIWANI

Asubuhi nendeni kwenye ofisi inayosimamia magofu, pale Kilwa Masoko, mkalipe na kuchukua kibali. Mpewe na mwongozaji. Fedha mtakayomlipa haipotei, maana mawe hayasemi yenyewe. Kisiwa kiko karibu, mbele ya macho yenu, na mashua hukivukia kwa tanga au kwa mashine. Vukeni mapema, kwa kuwa kusi huzidi nguvu mchana na bahari ikachafuka. Ulizeni majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda, si baada.

Mkikaribia nchi kavu, jengo la kwanza kuwapokea ni Gereza, ngome iliyojengwa na Wareno, ambao waliuteka mji mwaka 1505, na kujengwa tena baadaye na Waomani. Lakini utukufu wa Kilwa ni wa kabla ya hao. Mji huu ulitajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, katika nchi iitwayo leo Msumbiji, na ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri.

Mtauona Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ina umri wa miaka 800 na zaidi, wenye safu za nguzo na kuba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Jumba hilo halikupata kumalizika. Kaeni hapo kwa muda mrefu. Upepo ni mzuri na bahari yote iko chini yenu.

Kisiwa hiki pamoja na Songo Mnara viliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 viliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ukingo na kuta zilikuwa zikianguka. Ikafanyika kazi ya miaka 10 ya kuzitengeneza kuta na kuulinda ukingo, na mwaka 2014 vikaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Bwana na bibi waliotimiza miaka 20 hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Kinachosimama muda mrefu husimama kwa kutengenezwa.

Kumbukeni kwamba Kisiwani ni kijiji chenye wenyewe. Vaeni nguo za heshima, toeni salamu, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na msiokote hata kigae kimoja. Mkipata mama wa kijijini wa kuwapikia samaki na wali wa nazi, mlipeni vizuri. Jioni mkirudi Masoko, usiku huo uwe wa maadhimisho. Hauhitaji keki. Meza ya watu wawili inatosha.

Na hapa twatoa shauri moja lisilo na gharama. Kwa desturi yetu, mtu akishazaa huitwa kwa jina la mtoto: Baba Fulani, Mama Fulani. Ni desturi ya heshima, wala hatuikatai. Lakini kwa siku hizi nne, mwiteni kila mmoja mwenzake kwa jina lake alilokuwa nalo siku ya ndoa. Wengine watacheka. Wengine watakuta kwamba hawajalitamka jina hilo kwa miaka mingi.

SIKU YA TATU: KIVINJE

Siku hii haina haraka. Asubuhi tembeeni ufukweni Masoko, mtazame wavuvi wakirudi. Baadaye nendeni Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 ulio karibu na barabara mliyojia. Nyumba zake za mawe zenye milango ya nakshi zinaanguka, na mizizi ya miti imeshika kuta. Hapa ndipo misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ilipofika baharini ikiwa na pembe za ndovu na watu waliotekwa kuwa watumwa. Hapa pia ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na wengine waliowapinga, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga.

Msomaji atauliza: je, mahali pa huzuni namna hii pafaa katika safari ya furaha? Twaona panafaa. Ndoa ya miaka mingi imezika wazazi, pengine imezika mtoto. Imepata kufukuzwa kazi na kuhama nyumba. Watu wawili waliopita katika hayo hawaogopi kusimama kimya mahali ambapo wengine walipita katika makubwa zaidi. Baada ya hapo kaeni chini ya mti mnywe kahawa, mzungumze mambo ambayo nyumbani hukatizwa na mlango kubishwa: deni la kiwanja, mtoto asiyependa shule, afya ambayo mmoja wenu ameificha. Bora yasemwe hapo kuliko katika foleni ya hospitali.

KURUDI

Siku ya nne ondokeni tena alfajiri. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuwasha gari, hasa kama mvua imenyesha usiku. Nunueni zawadi chache njiani, ya kwanza ikiwa ya mlezi wa watoto. Mkivuka Rufiji mchana, mtaingia Mbagala kabla ya giza.

Mlango wa nyumba ukifunguliwa, mtakuta vyombo, nguo chafu na watoto wenye njaa. Hapo ndipo safari itakapopimwa. Bwana akiketi kitini kusubiri chai, hali bibi amekwenda moja kwa moja jikoni na khanga yake ya safari, basi mlikwenda Kilwa kutazama mawe. Lakini bwana akitangulia kubandika sufuria, na bibi akakaa na watoto kuwasimulia habari za mashua, safari hiyo itakuwa imefika.

Karatasi ile mliyoandika kazi zote na kuzigawa, msiitupe. Ibandikeni jikoni. Kilwa mtaiona tena kwa nadra, pengine mwaka wa 25, pengine mwaka wa 30, lakini karatasi hiyo mtaisoma kila siku.